Siku Niliyopita Bila Kushuka

Ndahani rafiki yangu,

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chenu. Nimeshuka kwanza, baiskeli nimeiegemeza ukutani, ndipo nikaanza kukuandikia. Usije ukasema Salimu wa Kondoa hana adabu.

Niko hapa stesheni ya Dodoma, nangoja gari la moshi la kwenda pwani linishushe Kikombo. Jua limesimama utosini, na vumbi la mji wetu unalijua mwenyewe, limeingia mpaka kwenye wino. Mimi tarishi wa posta ninayebeba barua za watu kila siku, sijapata kuandika yangu hata moja. Ya kwanza ndiyo hii, na mwenyewe hana pa kupelekewa.

Siku gari liliporudi bila wewe, nilikuwa nimesimama papa hapa. Ulikwenda Bahi na mfuko wa barua, ukaniambia nikuwekee ugali. Gari likafika, nikaona baiskeli inateremshwa kutoka behewa la mizigo, peke yake, mfuko umefungwa kwenye usukani. Nikacheka. Wallahi nilicheka! Nilidhani umejibanza nyuma ya behewa ili unishtue, mchezo wako ule wa kitoto. Yule mtu wa mizigo akaniuliza kama mimi ni ndugu yako. Nikamwambia ndiyo. Akasema homa ilikushika Bahi siku mbili tu, watu wema wakakuzika huko huko. Nilirudi nyumbani nikaukuta ugali umeshika ukoko, na sikuweza kuutupa.

Bwana Posta akanipa baiskeli yako. Watu wa mjini wakanipongeza, eti Salimu aliyekuwa akitembea kwa miguu kapanda cheo. Cheo gani, jamani? Nakwenda Makole, nakwenda Msalato katika mchanga ule unaomeza magurudumu. Mwiba ukitoboa mpira, nakaa chini ya jua naziba, na hakuna wa kunicheka. Zamani ulinibeba nyuma huku ukilalamika kwamba mimi mzito kuliko mizigo yote ya posta. Mpaka leo nikifika kwenye korongo napaza sauti, "Shika!" Nikigeuka nyuma, ni patupu. Nakuwa mpweke kama mwendawazimu, nasema na mfuko wa barua.

Unakumbuka tulivyogombana kwa ajili ya salamu zako? Kutoka hapa mpaka Msalato ulikuwa ukishuka kwa kila mtu. Bibi mwenye mzigo wa kuni, unashuka. Mchunga ng'ombe, unashuka. Mbukwa, mbukwa, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua isiyonyesha! Barua zinachelewa, Bwana Posta anafoka, "Upesi, upesi!" na mimi nafoka kumshinda yeye. Nikakwambia upige kengele upite, inatosha. Ukanitazama kana kwamba nimetukana. Ukasema, "Kengele ni ya mbuzi, Salimu. Mtu anashukiwa."

Basi Bwana Posta aliponikabidhi baiskeli alinipa sharti moja: marufuku kushuka njiani. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikawa napita mbio, kengele inalia, watu wanaruka pembeni pamoja na mbuzi wao. Nikasifiwa posta kwa kuwahi. Baada ya muda nikaona watu wa Msalato wananipa kisogo wakiniona kwa mbali. Nilisema moyoni, shauri yao. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa hai.

Sasa nikuambie lile lililonikalia kooni. Nilikukosea, Ndahani.

Mama yako alikuwa hajaambiwa. Nani wa kumwambia kama si mimi? Nikapata barua za Chamwino, nikapanda gari mpaka Kikombo, nikaanza kukanyaga. Njia nzima natafuta maneno ya Kigogo. Miaka yote ile ulinifundisha kusalimu tu, na ukinicheka kwa matamshi yangu. Hukunifundisha kutangaza msiba. Nikaiona tembe yenu, nikamwona mama yupo nje anapepeta mtama. Macho yake unayajua, anaona vivuli tu. Lakini masikio! Mnyororo wetu ule unaolia, uliokataa kuupaka mafuta ukisema mama anakutambua kwa mlio wake, aliusikia kabla sijafika kwenye ua wa miiba. Akaweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye nguo. Akasimama anakungoja ushuke.

Nikapita.

Nilikanyaga kwa nguvu zote, na kengele nikapiga, Mungu anisamehe, nikampigia mama yako kengele. Barua nilizigawa, nikarudi Kikombo kwa njia nyingine.

Zikapita siku. Mama mmoja wa Chamwino, anayeleta mayai hapa stesheni kuwauzia abiria, akanisimulia kama habari ya kawaida. Mama Ndahani anasikitika, alisema. Mwanawe ameota kiburi, kazi ya Wazungu imemlevya, kapita mlangoni kwa mama yake hata hakushuka. Loo! Wewe uliyewashukia wachunga ng'ombe! Wewe umelala Bahi huwezi kujitetea, na mimi nimekufanya mtovu wa adabu mbele ya mama aliyekuzaa. Kifo chako nilikuwa nimeanza kukimeza kidogo kidogo. Hilo halikumezeka.

Siku ya gari iliyofuata nilikwenda. Safari hii nilishuka mbali, pale kwenye mbuyu ulioanguka, nikaikokota baiskeli mpaka kwenye ua. Mnyororo unalia polepole. Nikamwambia, "Mbukwa, mama." Akaitikia. Nikaanza Kigogo changu, nikakwama kwenye neno la pili, nikabaki nimeshika usukani nalia.

Kumbe mama anajua Kiswahili! Hukuniambia. Alikiokota kwa wapagazi alipokuwa msichana, akiwauzia maji na mtama. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Mwanangu hapiti. Aliyepita ni mtu mwingine, juu ya baiskeli ya mwanangu."

Nikamuuliza, mama, mbona basi ukawaambia watu kwamba ana kiburi?

Akasema, "Mwenye kiburi yu hai. Nilitaka awe hai kidogo."

Tulilia wote wawili, yeye kwa sauti, majirani wakaja wakaanza kulia naye. Baadaye akaipapasa baiskeli, kiti, usukani, mpaka kengele, akaifunika kwa kiganja. Akaniuliza nani walikuzika, na walikulaza vipi. Nikasema sijui, mama, sijafika. Akanitengea ugali wa mtama na mlenda, akakaa karibu yangu akisikiliza kama nakula. Nilikula nikamaliza. Tangu ule uliokauka sikuwa nimekula nikashiba.

Nilipoaga ndipo akasema anataka kwenda Bahi. Hajapata kupanda gari la moshi maisha yake yote. Alisema huwa analisikia tu kwa mbali upepo ukivuma kutoka huko. Leo nakwenda kumchukua. Nitamkalisha nyuma ya baiskeli, pale pangu, mpaka Kikombo, kisha tupande gari, tupite hapa Dodoma, tuje kwako. Bwana Posta amenipa ruhusa kwa shingo upande. Nimemwambia na la pili, kwamba kuanzia sasa nitakuwa nashuka njiani. Amefoka mpaka masikio yakawa mekundu. Nikamwambia akitaka baiskeli yake aichukue, miguu yangu ninayo. Hajaamua. Akiichukua, Msalato nitakwenda kwa miguu, na huko nina wengi wa kuwaomba radhi.

Kengele ya stesheni imegongwa, na moshi nauona upande wa Zuzu. Barua hii naikunja naitia mfukoni, nitakuletea mwenyewe, maana ikipitia posta itachelewa kwa salamu.

Mungu akurehemu, ndugu yangu. Nakuahidi kwa haki ya mama yako: hakuna atakayesema tena kwamba baiskeli ya Ndahani ilimpita mtu. Labda tutalikosa gari la kesho kwa sababu hiyo, tungoje la siku nyingine. Wewe usiwe na wasiwasi. Tukifika sitapiga kengele. Utasikia mnyororo unalia, halafu kimya. Hapo ujue nimeshuka.

Mimi mzigo wako wa nyuma,
Salimu