Mto wa Sufi na Uzi wa Rukia

Zegereni, Kibaha

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani na cherehani yako, goti limetulia. Mjomba Athumani ameniambia ulikwenda mwenyewe kisimani na ukamfukuza mtu aliyetaka kukupokea ndoo. Nimefurahi kwamba una nguvu, na nimekasirika pia. Sisi huku wazima. Kiwandani bado niko kwenye mashine ya kukata mifuko, siku sita kwa wiki, ndiyo maana huko kwako Chole, ambako watu wanasema ni hapo tu, kwangu kumekuwa ng'ambo.

Najua utashangaa kuandikiwa barua zama hizi. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa juu ya meza ya cherehani, na kila mteja anayengojea gauni lake anachangia maoni. Nina jambo lisilotaka wachangiaji. Tena ndani ya bahasha kuna kitu ambacho simu haiwezi kukibeba. Usikitafute sasa, soma kwanza.

Ni habari ya mjukuu wako, somo yako Rukia. Mjomba alinifikishia ujumbe: tukija kwenye harusi ya mdogo wangu Mwanahamisi shule zikifungwa, Rukia abaki kwako wiki nzima, na yule mzee wa kukata vilimi umeshaongea naye. Umesema mtoto wa miaka tisa mwenye mwili wa miaka sita, anayekoroma na kukohoa kila alfajiri, hana kingine ila kilimi kirefu kooni. Mama, nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai. Kilimi cha Rukia hakikatwi. Sasa nivumilie nikueleze, maana kumkatalia mzazi bila maelezo ni utovu wa adabu, na hukunilea hivyo.

Wewe ndiye uliyeona mapema kwamba mtoto hakui. Idi ya Mfungo ulimpima kwa uzi, kama unavyowapima wajukuu wote, maana futi kwako ni ya wateja. Ukaulinganisha na uzi wa mwaka uliotangulia uliokuwa unaning'inia msumarini. Uzi mpya ulizidi kwa upana wa kidole kimoja tu. Gauni lake ukalishona kwa kipimo kile kile cha zamani, na mimi nikaliona.

Tuliporudi, mwalimu wake akaniita. Akasema Rukia anasinzia darasani mdomo wazi, akiitwa haitiki, na labda arudie darasa. Nikatoka pale machozi yananilengalenga. Nyumbani nikafanya kile tulichokuwa tunafanya siku zote mafua yakimzidi. Nikafunga madirisha, nikafukiza ubani chumba kizima, nikamlaza kwenye mto wa sufi uliomjazia wewe alipofikisha siku arobaini. Asubuhi akaamka macho yamevimba, pua imeziba kabisa. Baba Rukia akasema, "Mama Rukia, duka la dawa tumelizoea mpaka muuzaji anatuita shemeji. Kesho hospitali."

Tukaenda Tumbi. Daktari ni binti mdogo, nikamdharau kidogo moyoni, Mungu anisamehe. Hakuanza na pua wala koo. Aliuliza, "Mtoto analala vipi?"

Nikamwambia, "Analala sana, daktari. Tatizo hilo hilo, kulala."

"Sijauliza sana. Nimeuliza vipi."

Nikamsimulia: mdomo wazi, anakoroma, anageuka geuka, shuka asubuhi iko chini. Akamtazama Rukia, ambaye wakati huo alikuwa anasugua pua kwa kiganja kuelekea juu, ile tabia yake. Daktari akamgusa ule mstari ulioko juu ya pua, ule unaosema wewe ni alama ya ukaidi. Akacheka niliposema hivyo. Akasema, "Mwambie bibi ni alama ya kuwashwa. Mtoto huyu ana aleji ya pua."

Aleji ndiyo huo mzio, Mama. Mwili unaona vumbi kama adui na unapigana nalo usiku kucha. Pua ikiziba, usingizi unakatika katika hata kama mtoto hafumbui macho, na mtoto hukua akiwa usingizini. Chakula hakina harufu, kwa hiyo hakina ladha, ndiyo maana alikuwa anachezea wali wetu wa nazi kama anahesabu punje. Masikio nayo yalikuwa yamejaa maji kwa ndani. Alikuwa hamsikii mwalimu, Mama! Nami nilishamchapa kwa kutoitika. Hilo linaniuma mpaka leo, na nimemwomba radhi mtoto kwa mdomo wangu.

Kisha daktari akauliza analalia nini. Hapa ndipo penye sehemu ngumu ya barua hii, na ndiyo sababu nimekaa kimya miezi mitano. Mto wa sufi, nikamwambia, wa bibi yake, tangu mchanga. Akauliza umefuliwa lini. Sufi haifuliwi, unajua mwenyewe, huanikwa tu. Akasema ndani ya mto wa miaka tisa kuna vumbi na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na mtoto amekuwa akivivuta usiku baada ya usiku. Na moshi wa ubani ukawa unamalizia kazi. Yaani alivyozidi kuumwa, ndivyo tulivyozidi kumpa kinachomuumiza, wote kwa mapenzi.

Nilirudi nyumbani nikaufumua ule mto uani. Nilijifunga kanga puani nikamwaga sufi yote, nikalia kama nimefiwa, maana niliijua kila kokwa ulivyoitoa kwa mkono. Lakini foronya ipo, Mama. Ile uliyoidarizi jina lake kwa uzi mwekundu. Naifua kwa maji ya moto kila wiki, na imevaa mto mpya unaofulika. Bado analalia jina uliloliandika wewe.

Akapewa dawa ya kupuliza puani kila asubuhi, naisimamia mwenyewe. Ubani nimeuacha, na madirisha yako wazi. Wiki ya tatu nilikuwa nafua uani, nikasikia, "Mama! Nani anakaanga vitunguu?" Nikamwambia ni jirani, kama kila siku. Akasema, "Kumbe vinanukia hivi?" Nikaacha ndoo, nikamkumbatia na mapovu yangu mkononi. Sasa anakula na kuongeza. Anaitika kabla sijamaliza jina. Mwalimu ameyaacha yale maneno ya kurudia darasa, ila sasa analalamika kwamba anaongea mno, na hilo nimemwambia amtafute bibi yake.

Daktari hakunidanganya. Alisema kimo kina mambo mengi, atampima kila tukienda, na asipoongezeka ataangalia sababu nyingine. Nikamuuliza kuhusu kilimi. Akanijibu, "Wakikikata atatoka damu, anaweza kupata maambukizi, na pua itabaki imeziba vile vile."

Mama, mimi nilikatwa. Nakumbuka mkono wa yule mzee mdomoni mwangu, na ladha ya damu. Nakumbuka pia kitu ambacho hatujawahi kukizungumza: ulishindwa kukaa ndani. Nilipotoka nilikukuta umejifunika uso kwa kanga, unalia. Ulifanya kwa sababu ulitaka niishi, na sina kinyongo hata chembe. Lakini nikuulize, kikohozi changu kiliisha lini? Si siku ile. Kiliisha Baba, Mungu amrehemu, alipojenga jiko nje, moshi ukatoka chumbani. Fikiri hilo taratibu, wewe ni mtu wa kufikiri.

Kwa hiyo harusini tunakuja, na Rukia atabaki kwako wiki nzima kama ulivyotaka. Simnyimi bibi yake. Atakuja na mto wake na dawa yake, na chumba chako kifagiliwe akiwa nje. Yule mzee mwambie asante, asisumbuke. Ukiona haya kumwambia, sema binti yako wa Kibaha amekuwa mkorofi. Nitaubeba ukorofi huo mpaka ukumbini.

Nisalimie Mwanahamisi, bibi harusi wetu, mwambie aache kujinyima kula, gauni litamkaa tu. Nisalimie Shangazi Tatu anayekusomea miwani ikipotea. Shangazi, kama ni wewe unayesoma, hapa pasome polepole. Mjomba mpe chai kabla hajaanza kukusimulia habari za soko, maana hatamaliza.

Sasa fungua karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya bahasha. Ni uzi. Nimempima Rukia jana, bila viatu, mgongo ukutani, kama unavyopima wewe, na fundo amelifunga mwenyewe. Nenda kwenye msumari wako uutoe ule wa Idi, uulaze sambamba na huu. Usiniamini mimi wala daktari. Amini vidole vyako, vihesabu: huu umezidi kwa viwili.

Gauni lake la harusi lishone kwa uzi huu mpya. Mkasi wako ndio pekee utakaomkaribia mtoto huyu. Na upindo wa chini uache mpana, Mama, maana tutaufumua.

Ni mimi mwanao, ambaye kwako sitakua kamwe,

Zuhura