Kabla Hawajakusalia Ijumaa

Mpendwa Baba Zuhura,

Nilizoea kukusalimia mlangoni, mikono yangu ikiwa na vumbi la mtama, na leo nakusalimia kwenye karatasi ambayo sina pa kuipeleka. Mdogo wako amezunguka Tanga, Pemba, hadi Moroni, akiulizia boti nyeupe yenye mlingoti mrefu, na kila bandari imemjibu kwamba haijaiona. Mvua zimekuja na kwisha. Mama yako ameacha kula chakula cha jioni. Anachotaka sasa ni kimoja tu: usaliwe swala ya ghaibu Ijumaa hii, pale msikitini Majengo, kama anavyosaliwa mtu aliyefia mbali na mwili wake usipatikane. Sheikh amesema hatasalisha mpaka mimi niridhie. Kesho wanakuja kusikia neno langu. Nimekaa kukuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kuliamua bila kugombana na wewe kwanza.

Na kugombana tunajua. Serikali ilikusomesha Ulaya kuunda boti, ukarudi ukapangiwa ofisi Dodoma, mji ambao hata maji ya kuoga tunayapima kwa ndoo. Miaka yote hiyo ulisukuma mafaili. Ikaja miaka ya ruksa, shirika lenu likauzwa, ukapunguzwa kazi pamoja na wenzako. Wao walinunua mashine za kusaga na pikapu. Wewe ukasema watalii wataanza kumiminika, na atakayewafikisha visiwani kwa haraka ndiye atakayekula. Nikakuuliza tutawafikishaje kutoka hapa Ipagala, Dodoma. Ulicheka, lakini nilikuwa nauliza kweli.

Unakumbuka tulipokwenda Dar kuchagua? Boti zilikuwa mbili, zimeegeshwa kwenye ua wa wageni waliokuwa wanafunga virago. Moja ilikuwa pana na nzito, mkuku wake, ule uti wa chini ya boti, umeshika tumbo lote kuanzia mbele mpaka nyuma, mlingoti mfupi. Niliipenda palepale, ilikaa kama mtu mzima aliyeshiba. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya faibaglasi, nyepesi kiasi kwamba ukiigonga inalia. Mkuku wake ulikuwa kipande kimoja kirefu kilichoshuka chini katikati, na uzito wa madini ya risasi kwenye ncha, basi. Nikakwambia, nzito inatulia.

"Nzito inatulia mpaka dhoruba inaikuta, Mama Zuhura," ukasema. "Hii nyepesi inaondoka mapema."

Ukanieleza kwa subira, ukichora mchangani kwa kidole, jinsi uzito ulioshushwa chini unavyoisimamisha boti hata tanga likiwa kubwa, na jinsi mwili mwembamba unavyopasua maji badala ya kuyasukuma. Nilielewa kila neno na bado sikuridhika. Ukanunua nyepesi. Halafu, kwa kuwa pale Dar hukuwa na pa kuiweka na hapa tulikuwa na kiwanja, ukafungua mkuku, ukapakia kila kitu kwenye lori, ukaileta boti Dodoma. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mlingoti uliposimama, wakasema kwa Baba Zuhura sasa watanasa televisheni za Ulaya.

Nisiseme uongo, miezi ile ilikuwa mizuri. Ulinipa kazi ya kuangalia kama mlingoti umenyooka, ukisema jicho la muuza nafaka haliwezi kudanganywa na kitu kilichoinama. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya boti, wewe ukizungusha skrubu za kukazia waya, upande mmoja kisha mwingine.

"Vipi huko?"

"Umelalia msikitini."

"Na sasa?"

"Sasa umelalia kwa mama mkwe."

Ulikuwa ukimaliza kukaza unaugonga waya kwa kidole na kusikiliza. Waya wa mbele, waya wa nyuma, halafu za ubavuni. Zuhura akajifunza kugonga naye, akawa anakuita, "Baba, huu umelegea," na mara nyingi alikuwa sahihi.

Kosa letu lilikuwa la watu wa bara. Mtu wa pwani asingepandisha tanga boti ikiwa nchi kavu. Lakini wewe ulitaka kuona umbo lake, na upepo wa Agosti ulikuwa unavuma na vumbi lake, ukasema tulipandishe kidogo tu. Boti ilikuwa imeegemezwa kwa magogo na magunia ya mchanga. Tanga likajaa. Niliona gogo likisogea kabla sijaweza kusema, na boti ikalala taratibu juu ya ua wa minyaa wa Mzee Chibago, utomvu mweupe ukaichuruzikia. Mzee akatoka na fimbo yake ya kuchungia, akatazama.

"Jirani," akasema, "ng'ombe wako kaingia kwangu."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wewe ulicheka kuliko wote. Ulisema mnaona, haitaki kukaa, inataka kwenda. Mimi sikucheka, maana niliona kile chuma cha ubavuni kinachoshika waya za mlingoti kimepinda. Ulikipeleka Majengo kwa fundi wa kuchomelea, akakipasha moto, akakinyoosha. Nikakwambia agiza kipya. Ukasema, "Kinashika. Nimekiangalia." Nikarudia siku ile boti inapakiwa kurudi pwani. Ukasema utaangalia ukifika Dar.

Je, uliangalia? Hilo ndilo linaloniamsha. Napima mtama wa mteja, mkono unasimama hewani, mteja ananiuliza kulikoni. Nataka kukukasirikia na sijui kama una kosa. Labda ulikibadilisha wiki ileile, na kilichokupata ni kitu kingine kabisa, meli kubwa isiyokuona, mwamba, au upepo tu. Nimechoka kuwa hakimu bila shahidi.

Na kuna jambo ambalo sikukwambia kamwe. Ile siku uliyonipandisha pale Dar, nilipokuja kukuaga, boti ilipoinama nikapiga yowe na kukushika shati, ukaniambia iache, ndivyo inavyokaa, mkuku umeishika. Ikainama, ikakaa. Halafu ikaanza kukimbia bila injini, bila kelele, na uso wako ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona katika miaka yote ya ofisini. Nilifurahi, Baba Zuhura. Nilifurahi mno hata nikasahau kukitazama kile chuma, na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeapa sitaipenda. Ulipopiga simu dukani kwa mjomba, kabla ya kuvuka kwenda Komoro, ukasema, "Inakimbia hata naona huruma kuisimamisha." Mjomba alikuwa ananiharakisha, simu ilikuwa inasubiriwa. Nikakuuliza umekula. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, umekula.

Sasa nisikilize. Wakikusalia, mimi nitakaa eda. Nitakaa ndani ya nyumba hii na nguo za eda, meza yangu ya nafaka itashikwa na mke wa mdogo wako, na wanawake watakuja kunipa pole ambayo nimeikataa tangu mwaka jana. Zuhura ataitwa yatima shuleni. Nisiporidhia, tutaendelea hivi, mimi si mke wala mjane, na mama yako atakufa kwa njaa akisubiri mwanawe aombewe. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, sikwambii amekufa. Nakwambia nataka kumwombea." Yeye ndiye aliyekuzaa, na haombi kitu kingine.

Nimeamua. Kesho nitawaambia wasali.

Sijawahi kukuamulia kitu kikubwa namna hii, na nakijua kiburi chako. Ukitokea siku moja, umekonda, ndevu zimejaa, ukaambiwa kwamba Majengo nzima ilisimama safu kukusalia na mkeo ndiye aliyetoa idhini, utakasirika. Kasirika. Usiishie njiani ukaomba mtu aje kutusuluhisha. Njoo mpaka hapa na hasira zako zote, usipige hodi, ingia unafoka majirani wote wasikie. Nitakaa kimya nikusikilize mpaka umalize, halafu nitakuuliza umekula.

Anayekuachia mlango wazi,
mkeo, Mama Zuhura