Kabla Hamjazika Mgomba

Kaloleni, Nairobi
Jumatatu

Mama mpendwa,

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limetulia, na mvua imeyaachia mahindi nafasi ya kusimama. Nasikia huko Chwele imenyesha mpaka njia ya sokoni haipitiki kwa miguu mikavu. Mimi sijambo. Nyumba hii ya Kaloleni nayo haijaanguka, ingawa kila mwaka tunaambiwa huu ndio wake wa mwisho.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi siku hizi. Simu ya nyumbani hukaa kwa Baba mdogo Wafula, naye akipokea huiweka kwa sauti ya juu ili ukoo wote usikie, mpaka ng'ombe zizini wanajua habari zangu. Haya ninayoandika si ya ukoo bado. Ni yako. Ndiyo maana nimempa Nzilani, jirani yangu anayekuja huko kununua maharagwe, nikamwambia asiitoe mkononi mpaka akuone wewe mwenyewe. Vaa miwani, Mama, ufunge mlango, na usome hadi mwisho kabla hujamwita mtu.

Uliniagiza nije Ijumaa na nguo za Makokha, ili Jumamosi azikiwe mgomba. Baba mdogo alinieleza kwamba wazee wameshaamua: mtu akipotea, habari ya kifo chake ikaletwa na maiti isijulikane iliko, mgomba hulazwa kaburini badala yake, ukafunikwa na nguo zake, ili roho yake ipumzike na isiwasumbue walio hai. Sikubisha. Nani angebisha? Miaka minne kaka yangu hatujasikia sauti yake, kisha akaja yule mvunja mawe na kusema Makokha alifunikwa na ukuta wa machimbo. Nililia hapa peke yangu mpaka majirani wakagonga mlango. Halafu nikainama chini ya kitanda nikalitoa koti lake la jinzi, lile lenye kola ya manyoya, nililomchagulia mwenyewe sokoni Gikomba nilipoanza biashara. Alikuwa akiishi kwangu wakati ule, na alilisahau hapa alipokuja huko kwa ile Krismasi aliyokufa mdogo wetu Ryan. Hakurudi tena kulichukua.

Nililifua. Kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia, nikakikaza, maana hata nguo ya kwenda kaburini haitoki mikononi mwangu na kifungo kinachochezacheza. Kisha nikalianika uani.

Sasa niruhusu nikueleze kazi yangu, kwa sababu najua ukiwaambia akina mama wa kanisa kwamba nauza mitumba, wananihurumia. Ni mitumba kweli, marehemu George kama tunavyoiita huku, lakini mimi simwagi nguo chini kwenye gunia. Nauza za kitambo. Alfajiri marobota yakifunguliwa, wenzangu hupigania kamera, yaani zile nguo safi za kwanza kuchaguliwa. Mimi nawapisha. Natafuta suruali pana za zamani, mashati ya kola ndefu, makoti ya rika lenu. Nafua, nashona, napiga pasi, kisha napeleka kwenye matamasha ya muziki, ambako vijana waliozaliwa juzi hununua ili wafanane na Baba kwenye picha ya harusi yenu. Usicheke. Ile suti yake mliyoivisha sanamu ya kufukuza ndege shambani, hapa vijana wangeigombania kwa ngumi.

Nafanya kazi na binti mmoja, Habon, ambaye hamjaonana. Ni Msomali aliyezaliwa hapa hapa Nairobi, mkali wa bei, mwepesi wa kucheka, na saa ya swala ikifika anaondoka hata kama mteja ameingiza mguu mmoja tu kwenye suruali. Nampenda kama ndugu. Alikuja kwangu baada ya Makokha kuondoka, kwa hiyo hakuwahi kumwona. Habari yenyewe inaanzia Jumamosi iliyopita.

Jumamosi hiyo kulikuwa na tamasha kubwa, ng'ambo ya mji. Habon alikuja asubuhi kunisaidia kufunga mzigo, mimi nikiwa ndani nachemsha chai, na kwa moyo wake mwema akakusanya kila kilichokuwa kwenye kamba. Kamba yetu ni moja, Mama. Nguo za kuuza na zangu mimi hukauka pamoja, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba lile koti ni la msiba. Nilikuwa na huzuni ambayo sikutaka kuitia maneno. Kwa hiyo nguo ya kaburi ikapanda gari pamoja na za sokoni, ikaenda kwenye muziki.

Tulisimamisha turubai, tukapanga nguo. Koti lile ndilo lililokuwa zuri kupita zote, kwa hiyo Habon akalitundika mbele kabisa likavute macho. Mimi sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kutafuta maji. Niliporudi nikalikuta linaning'inia pale, limebanwa bei kifuani, na vijana wanapita wanasema, "Buda, cheki hiyo koti, ni moto!" Nikalishusha, nikamgombeza Habon kwa maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi.

Aliniacha nimalize, kisha akasema walahi kuna mtu mwingine pia aliyefanya mambo ya ajabu juu ya koti hilohilo, sasa hivi tu. Alikuwa mmoja wa vibarua wanaobeba mabomba ya kusimamisha jukwaa. Alisimama mbele yake muda mrefu, mpaka Habon akamuuliza kama anachukua ama anaangalia tu. Alilivaa bila kulipima begani kama wafanyavyo wateja, akaanza kufunga vifungo kutoka chini akipanda juu. Alipofika kifungo cha pili akakishika, akauliza ni nani amekikaza. Habon akamwambia ni mwenye kibanda, Nerima, mtu asiyeweza kukiacha kifungo kipumzike. Basi yule mtu akalivua, akalirudisha kwenye hanga, akalifunga vifungo vyote vizuri, akaenda zake.

Mama, katika dunia hii namjua mtu mmoja tu anayefunga vifungo kutoka chini. Wewe ndiye uliyemfundisha hivyo alipoanza shule, ili asipishanishe pande.

Nililikamata lile koti nikakimbia. Nyuma ya jukwaa mlinzi alinizuia, nikamwambia nampelekea kibarua koti lake, na sikuwa nimedanganya. Ngoma zilikuwa zinapigwa juu yetu mpaka kifua kinatetemeka. Nikamkuta amekaa juu ya rundo la mabomba, kofia ya kazi iko magotini. Amekonda, ndevu zimeingia mvi kabla ya wakati wake, na mikono imekuwa ya mzee. Nilimwita jina. Hakukimbia, alisimama tu, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Nakiri nilimchapa na lile koti kabla sijamkumbatia.

Mwanao yuko hai, Mama. Pumua kwanza. Yuko hai, na ninapoandika haya yuko hapa kwangu, amekaa kwenye ngazi ya mlango akinichongea vigingi vya turubai.

Yule mvunja mawe hakuwa mwongo. Ukuta wa machimbo ulianguka kweli na watu walikufa. Makokha alikuwa ameondoka pale asubuhi hiyohiyo bila kuaga, ndivyo anavyoondoka kila mahali siku hizi, nao wakamhesabu miongoni mwa waliofunikwa.

Nilimwambia kuhusu mgomba. Nilimwambia ni Jumamosi hii, na kwamba wewe unanisubiri nilete nguo zake. Nilidhani atashtuka, atashika simu, ataomba twende stendi jioni ileile. Akaangalia chini, akasema, "Waache wanizike tu, siz." Nikadhani ni utani wa mtu aliyechoka. Akasema hapana, Mama alishamaliza maneno zamani.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Ameniambia ulichomwambia siku mwili wa Ryan ulipoletwa nyumbani. Hamkuwa na mtu mwingine, mlikuwa nyuma ya jiko kwenye migomba. Yeye ndiye aliyekuwa amempakia Ryan kwenye pikipiki lori lilipowagonga, naye akatoka na mkwaruzo wa kiwiko tu. Ukamtazama kile kiwiko, ukamwambia, "Ungebaki wewe barabarani, mtoto wangu angerudi nyumbani."

Hakulisema kwa kukulaumu. Alilisema kama mtu anayetaja kijiji chake. Amelibeba neno hilo kutoka kazi hadi kazi, na anaamini ulilitoa ukiwa na akili zako zote. Anaamini kwamba ukifukia mgomba kwa jina lake moyo wako utatulia, na hiyo ndiyo zawadi pekee aliyobaki nayo ya kukupa. Anajua vizuri, kama unavyojua wewe, kwamba mtu akishazikwa hivyo hakanyagi tena boma la kwao, na akitokea hata watoto wa ndugu zake watamkimbia. Anajua na amekubali. Ameniambia Ijumaa ataondoka hapa pia, ili siku ya mazishi yake asiwe chini ya paa la damu yake akaniletea mkosi.

Sikuandikii ili nikuhukumu, Mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sijazaa. Nilikuwepo siku zile. Nilikuona ukikataa hata maji. Nilikuona umeshika kiatu cha Ryan kimoja, ukiuliza kila anayeingia kama ameona kile kingine. Aliyesema lile neno alikuwa ni msiba, akitumia mdomo wako. Hivyo ndivyo ninavyoamini. Lakini Makokha alikuwa naye anazika mdogo wake, na hakukuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Kuna mambo yeye hakuyajua, nimemwambia. Nimemwambia ulivyozunguka na picha yake Bungoma, Webuye mpaka Kitale, ukiwasimamisha watu usiowajua. Nimemwambia kila Krismasi unapakua sahani yake, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka ugali umekauka. Alinisikiliza huku anatazama mikono yake. Mwishowe akasema labda nasema hivyo kumfurahisha. Nilikasirika mpaka nikatoka nje, maana nimemfanyia mtu huyu mengi lakini sijawahi kumdanganya.

Basi sikiliza uamuzi wangu, halafu nitakusikiliza wewe. Sitakuja Ijumaa. Siwezi kwenda kumlilia kaburini mtu niliyempikia omena jana. Mwambie Baba mdogo kwa heshima zote, na kama wazee wameshaukata huo mgomba, ni chakula kizuri cha ng'ombe.

Lakini kusimamisha mazishi ni nusu ya kazi, na hiyo hata mimi naweza kuifanya nikija na Makokha nimemshika mkono mbele ya wazee. Nusu nyingine ni yako peke yako. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba neno la mzazi haliondolewi na mchungaji wala mjomba, huondolewa na kinywa kilekile kilicholitamka. Nikimwambia mimi kwamba amesamehewa, atanishukuru, na Ijumaa atafunga kamba za viatu vyake aende. Safari hii hatutampata, Mama. Hatapita tena mbele ya kibanda changu.

Yeye hajui kwamba nakuandikia. Nzilani pia hajui kilichomo humu ndani. Nimemwomba jambo moja tu: akishakupa barua, asiondoke. Yuko hapo nje anakungoja, na simu yake ina namba yangu. Mwite aingie, umwombe akupigie. Nitaipokea mimi, na bila kusema ni nani nitamwekea Makokha sikioni.

Usitafute maneno makubwa. Najua sauti yako itakatika, na yake pia. Usianze na Ryan, wala usianze na kuomba radhi, atakimbia. Tangu aje, anakula vijiko viwili amesimama karibu na mlango, kisha anaweka sahani chini na kuniambia ameshiba. Wewe muulize tu kama amekula.

Nisalimie shangazi wote na majirani wa upande wa mtoni, lakini salamu hizo zipeleke baadaye. Mungu akupe nguvu ya saa hii moja. Simu ninayo mfukoni, betri nimeijaza moto.

Ni mimi binti yako,

Nerima