Sala Iliyomfungia Upepo

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima, na cherehani yangu nayo imepona.

Ila mpwa wako Upepo hachezi mpira siku hizi. Klabu aliyotaka kuhamia ilitangaza majaribio, na kumbe sheria inamkataza kocha kuzungumza na mchezaji wa klabu nyingine, au mzazi wake, kabla ya siku yenyewe. Mimi ningejulia wapi? Nilimkuta kocha huyo mlangoni pa kanisa baada ya ibada, nikamsalimia kama tulivyolelewa, nikamwambia, "Binti yangu anakuja kwako, tumwombee." Tukafumba macho, tukaomba. Kumbe kocha wake wa sasa yuko nyuma yetu! Akaenda kushtaki kwenye chama cha mpira kwamba mtoto anarubuniwa.

Nikamfuata uwanjani. "Baba, tulikuwa tunasali!"

"Mama, si ungesalia nyumbani?" Wenzake wakacheka.

Basi Upepo kafungiwa kuhama msimu mzima, na huyo kocha aliyemng'ang'ania anamweka benchi, eti ajifunze uaminifu. Sheria ya kumlinda mtoto ndiyo hiyo inayomkalisha? Nimezunguka ofisi za chama mpaka nimechoka.

Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Jana nilimkuta akimvisha mdogo wake vile viatu ulivyomtumia, vinampwaya. "Chukua," anamwambia, "mimi sina kazi navyo tena."

Nimevifuta vumbi, nikavirudisha chini ya kitanda chake. Wewe ulicheza, atakusikia. Mwandikie, nami tafadhali unijibu mapema.

Dada yako