Q Isiyo na U

Mwanahawa, shoga yangu,

Nimemuumbua. Mchana kweupe, mbele ya watu wote, kwenye ukumbi uleule wa jirani na Mnazi Mmoja ambako yeye alikuumbua wewe. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine, ndiyo maana nimefunga duka mapema, nimesukuma vifungo na zipu pembeni, nimekaa kukuandikia.

Jumamosi ile ya klabu yetu, ya mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa vipande vya herufi, mimi siisahau. Ulikuwa umetoka moja kwa moja kuuza viatu vya mitumba sokoni Mchikichini, vidole bado vina rangi ya viatu. Ukapanga herufi zako tatu ubaoni: SUQ. Mwalimu Gervas, uliyekuwa unacheza naye, akavua miwani.

"Q isiyofuatwa na U? Kiingereza cha wapi hicho?"

Ukamjibu kwa adabu, "Limo kwenye kamusi, Mwalimu. Maana yake soko."

Kamusi hata hakuigusa. Akavifagia vipande vyako kwa kiganja. "Mama, rudi kwenye mitumba yako. Hapa tunacheza watu tuliosoma." Ukumbi mzima ukacheka. Na wewe ukacheka nao, Mwanahawa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Wiki iliyofuata ukaja na kauntabuku, daftari nene la jalada gumu. Wewe wa darasa la saba, uliyesoma chuo cha Kurani kule Lindi, ulikuwa umekusanya maneno mafupi ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U, na maana zake kwa mwandiko wako wa kulalia kushoto. Qat, mirungi. Qadi, kadhi. Faqir, fakiri. Qi, nguvu ya uhai wanayoiamini Wachina. Ukaniambia, "Manka, mengi haya nayajua tangu utotoni. Ni ya Kiarabu. Waingereza wameyachukua kama sisi tulivyoyachukua."

Na kati ya qat na qi ukachomeka la uongo, kunichokoza tu: Qaz, kupiga chafya huku unacheka. Eti ndivyo chafya yangu inavyosikika. Ulinitumia picha ya ukurasa ule kwenye simu, nikacheka mpaka mteja akaniacha akaenda duka la pili.

Mwalimu akakuomba lile kauntabuku. "Niachie nilikague." Ukamwachia, kwa sababu wewe hukuwahi kumnyima mtu kitu. Ukamuuliza Jumamosi tatu. Ya kwanza bado analisoma. Ya pili kalisahau nyumbani. Ya tatu akakukunjia uso: "Sijui limepotelea wapi, usinisumbue." Hata mwezi haukuisha, presha ikakuangusha palepale katikati ya viatu vyako. Tukakusindikiza Lindi. Yeye msibani hakuja. Hata pole hakutuma.

Sasa sikiliza alichofanya. Miezi mitatu baada ya kukuzika, akaingia ukumbini na vijitabu. Jalada lina picha yake kavaa tai, chini yake imeandikwa: Maneno yaliyokusanywa na kufafanuliwa na Mwalimu Gervas. Nikafungua. Maneno ni yako, na maana ni zako, hata pale ulipokosea nukta. Nikashuka na kidole. Qat. Halafu, Mungu wangu, Qaz: kupiga chafya huku unacheka.

Hakujua hata anachokiiba.

Sikumwambia mtu. Nilitaka aanguke mahali pa juu. Nikaanza kujifunza maneno yako yote, huku nampimia mteja lastiki, huku nakula, huku namsubiri mchungaji amalize mahubiri. Nikamfunga huyu, nikamfunga yule, mpaka Jumamosi iliyopita, fainali ya klabu, nikakaa uso kwa uso na Mwalimu Gervas.

Mfuko wa herufi ukaisha. Q haijatoka, Z haijatoka, mimi sinazo. Basi anazo yeye. Nikapanga neno langu la kijinga pembeni, nikaacha A imekaa wazi, nafasi huku na huku. Nikakunja mikono.

Akaiona. Akaweka Q kabla yake, Z baada yake, akawageukia watu kama padri anayetoa baraka. "Qaz!"

"Napinga," nikasema.

Bi Rehema, msimamizi wetu, akafungua kamusi. Akapekua mbele, akarudi nyuma. "Mwalimu, halimo."

"Limo kwenye kitabu changu!"

"Na kwenye kitabu chako umelitoa wapi?" nikamuuliza. Nikampa Bi Rehema simu, picha yako, mwandiko wako, tarehe ya ulipoituma. "Hilo si neno, Mwalimu. Hiyo ni chafya yangu. Mwanahawa aliitunga kunitania, na wewe umeinakili na kuweka jina lako juu."

Watu wakaangalia ile simu mmoja mmoja, ikazunguka ukumbi mzima. Hakuna aliyemgusa. Alitoka mwenyewe, miwani kaiacha mezani.

Klabu imeviondoa vijitabu vyake. Vitachapwa upya, jina lako juu, picha yako ile ya Idi. Juzi kanifuata dukani, kazeeka ghafla. Nikamwamkia, maana adabu ni yangu. Akasema, "Manka mwanangu, nilijua amekufa. Nilidhani hakuna wa kuumia." Nikamwambia, "Mama yake yupo hai. Nenda Lindi, umpigie hodi, umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi." Akalia. Mimi nikaendelea kupanga nyuzi.

Watu wanasema imetosha, ni mzee wa watu. Haijatosha. Nakuahidi, mpaka atakapokaa mkekani kwa mama yako na kutamka alichofanya, kila Jumamosi atakayothubutu kuja atanikuta kiti cha mbele yake.

Lala salama, shoga yangu. Na kama huko uliko umeshamsamehe, maana nakujua, tafadhali usije ukaniambia ndotoni.

Wako,
Manka