Neno Mazuku

Gisenyi, Jumanne, 14 Septemba 1999

Neno moja tu, na nusura mradi mzima wa bwawa la Kanama ukataliwe.

Mkutanoni leo, kwa niaba ya mradi, niliwaeleza wakulima wa bondeni kwamba migomba ikizamishwa bila kukatwa itaozea majini na kutoa gesi inayopanda angani na kuongeza joto la dunia. Hivyo tuiondoe kabla bonde halijajaa maji. Nilipoona hawanielewi, nikasema, "Ni kama mazuku." Nilisahau kwamba hapa mazuku ni ile hewa ya mashimoni inayoua mbuzi na watoto.

Mama Mukamana, ambaye shamba lake ndilo litakalozama kwanza, akasimama. "Bon, mwalimu, we unatuletea mazuku kwa mulango, halafu unaomba tukusaidie na panga?"

Walicheka, lakini si kwa furaha.

Nikakiri kosa langu. Mazuku hutambaa chini na kuua papo hapo. Gesi hii hupaa, na madhara yake ni ya polepole, kwa watu ambao hatutawaona.

Mama Mukamana akaitikia kwa kichwa. "Basi, nitakata. Lakini miche nitapandisha kule juu. Migomba hiyo ni marehemu bwana yangu aliipanda."

Sikuwa nimefikiria miche. Mkutano mzima nilikuwa nikiiita migomba hiyo taka.