Panya Aliyenitia Wivu

Mjukuu wangu Kendi,

Huku Ruiri hatujambo, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza mbona nilinyamaza uliponitumia video ya panya wa maabara yenu. Mashine ilichapisha kipande laini kama jeli, mkakiweka kwenye paja lake lililoumia, msuli ukaota humo, naye akakimbia tena. Kendi, nilimwonea wivu panya.

Nikiwa msichana, shule nzima hakuna aliyenishinda mbio. Kisha fahali akanirarua paja, na msuli ule haukurudi. Dada yangu Karimi akaenda kukimbia kwenye mashindano ya shule huko Embu badala yangu, akarudi na blanketi la zawadi.

"Chukua, ni lako," akaniambia.

"Sitaki," nikamjibu. "Umeshinda kwa sababu mimi sikuwepo."

Alilikunja, na hakukimbia tena. Miguu yake ilikuwa mizima. Ni maneno yangu yaliyomsimamisha, na sikuwahi kumwambia kwamba nimejuta, mpaka jana nilipompigia simu.

Kwa hivyo usiache kunionyesha kazi yako. Itaniuma, lakini safari hii nitakusifu.

Nyanya yako,
Kathure